Hadithi za Sinema Fupi Hupatikana Wapi?

Katika shule nyingi siku hizi viko vyama vya sinema, na shule yetu ni mojawapo. Zamani jambo hili lilikuwa gumu, maana kamera ilikuwa ghali, ukanda wa filamu ulikuwa ghali vilevile, na ukanda huo ulipokwisha kutumika sharti usafishwe katika maabara kabla ya kuonyeshwa. Leo simu moja ya mkononi hupiga picha, hunasa sauti, na hata hukata na kuunganisha vipande. Kwa kuwa wanafunzi hawaruhusiwi kuwa na simu shuleni, chama chetu hutumia simu ya mwalimu mlezi, nayo yatosha. Jua ndilo taa yetu, na uwanja wa shule ndio jukwaa letu.

Walakini chama kimekwama, wala hakikukwama kwa kukosa vyombo. Kimekwama kwa kukosa hadithi. Wanaotaka kushika kamera ni wengi; wanaotaka kushika kalamu ni wachache. Miswada iliyoletwa muhula uliopita ilisomwa yote kwa makini. Mmoja ulitaka helikopta itue juu ya paa la benki. Wa pili ulitaka jumba la mahakama lenye hakimu, mawakili na kikosi kizima cha askari. Wa tatu ulianza siku ya kuzaliwa shujaa ukaisha siku ya mazishi yake, na katikati shujaa huyo alikwenda Ulaya mara mbili. Waandishi wake hawakukosa akili wala bidii. Walichokosa ni kuelezwa jambo moja tu, yaani kipimo cha sinema fupi. Makala haya yameandikwa ili kueleza kipimo hicho, na kuonyesha mahali zinapopatikana hadithi zinazokifaa.

Mswada ni kitu gani?

Mswada wa sinema ni maandishi yanayoeleza yale yatakayoonekana na yale yatakayosikika, kwa utaratibu wake, tangu mwanzo hata mwisho. Si sawa na hadithi ya kitabuni. Mwandishi wa kitabu aweza kuandika kwamba Asha alikuwa na huzuni kwa sababu alimkumbuka mama yake. Kamera haiwezi kupiga picha ya kukumbuka. Mwandishi wa mswada hana budi kutafuta kitu kinachoonekana: Asha anafungua sanduku, anatoa khanga iliyokunjwa, anainusa, kisha anairudisha palepale. Mtazamaji ataelewa mwenyewe, tena ataelewa vizuri kuliko kama angeambiwa.

Mafundi wa kazi hii wana desturi ya kuhesabu kwamba ukurasa mmoja wa mswada, ukiandikwa kwa utaratibu wake, huwa dakika moja ya sinema. Hesabu hii si kamili, lakini hufaa sana. Mswada wa kurasa 5 utakuwa sinema ya dakika 5 hivi. Nako kupiga picha kwenda polepole, maana kila tendo hurudiwa mara kadhaa, kutoka upande huu na upande ule. Chama cha wanafunzi kisitazamie kumaliza zaidi ya kurasa 3 au 4 kwa siku moja. Basi mwenye kuleta mswada wa kurasa 60 ajue ya kuwa anaomba Jumamosi zote za muhula, na bado hazitatosha.

Kipimo cha sinema fupi

Tuanze na mfano wa kale. Tarehe 28 Desemba 1895, katika mji wa Paris, ndugu wawili Wafaransa, Auguste na Louis Lumière, waliwaonyesha watu sinema kwa malipo. Zilikuwa sinema 10, na kila moja haikufika dakika. Katika hizo ilikuwamo moja ya mtunza bustani. Mtunza bustani anamwagilia maji kwa mpira. Mtoto mtundu anakuja nyuma yake anaukanyaga mpira, maji yanakatika. Mtunza bustani anashangaa, anachungulia mdomo wa mpira. Mtoto anauondoa mguu, maji yanamrukia mzee usoni. Mzee anamkimbiza mtoto, anamkamata, anamchapa. Basi, imekwisha.

Sinema hiyo ina watu wawili, mahali pamoja, mpira wa maji, na hakuna neno lililosemwa. Hata hivyo imo haja (mzee ataka kumwagilia), kimo kizuizi (mtoto amekanyaga mpira), na yamo matokeo. Mambo hayo matatu, yaani haja, kizuizi na matokeo, ndiyo mafiga ya hadithi. Likikosekana figa moja, chungu hakikai.

Mfano wa pili ni wa Afrika yetu. Ousmane Sembène alizaliwa mwaka 1923 huko Ziguinchor, nchini Senegal. Alikuwa kuli wa bandarini katika mji wa Marseille, kisha akawa mwandishi wa vitabu, na alipokuwa amekwisha kuwa mtu mzima alikwenda Moscow kujifunza kazi ya sinema. Aliporudi alitengeneza sinema ya dakika 20 hivi iitwayo Borom Sarret, iliyotoka mwaka 1963. Humo twamwona mtu mmoja wa Dakar mwenye mkokoteni wa farasi, kwa siku moja tu. Asubuhi anatoka nyumbani kutafuta chakula cha mke na mtoto. Abiria wengine hawamlipi. Anampeleka mama mja mzito hospitali. Anampeleka baba mmoja makaburini na maiti ya mtoto mchanga, na baba huyo anazuiliwa kwa kuwa karatasi zake hazikukamilika. Mwishowe mtu mmoja aliyevaa vizuri anamshawishi ampeleke mtaa wa wakubwa, mahali ambapo mikokoteni imekatazwa. Askari anamsimamisha, na mkokoteni unachukuliwa. Abiria wake anakwenda zake asilipe. Yule maskini anarudi nyumbani na farasi peke yake, hana hata senti. Mkewe anampa mtoto amshike, anamwambia kwamba usiku huu watakula, kisha anatoka nje. Sinema inaishia hapo.

Angalia jinsi Sembène alivyochagua. Hakueleza maisha yote ya mwenye mkokoteni, wala hakuhutubu juu ya tajiri na maskini. Alichukua siku moja, mtu mmoja, haja moja, na chombo kimoja chenye magurudumu, na katika hivyo nchi nzima ikaonekana. Hata sauti hazikunaswa palepale barabarani, bali ziliongezwa baadaye. Alikuwa na vitu vichache, naye akaandika hadithi iliyotaka vitu vichache.

Kwa hiyo kipimo chetu ni hiki: mtu mmoja wa kumfuata, haja moja anayoitaka kwa moyo, kizuizi kimoja cha kweli, na muda mfupi, kama asubuhi moja au safari moja. Watu wengine waweza kuwamo, lakini wote wawe wanaihusu haja ile.

Mahali pa kutafuta

Kwanza, tafuta mahali ulipo. Kabla hujashika kalamu, fanya hesabu ya mali: uwanja, maktaba, jiko la shule, kisima, njia ya kwenda nyumbani, kituo cha basi, duka la jirani. Andika hadithi itakayokaa katika mahali hapo. Anayeanza na mali aliyo nayo hatakwama. Anayeanza na helikopta amekwisha kukwama.

Pili, sikiliza mambo yaliyotukia kweli. Mambo ya zamani babu angeweza kukusimulia. Lakini hatuna haja ya kwenda mbali hivyo. Mwezi wa Desemba 2015, huko kaskazini mashariki ya Kenya, basi lililokuwa likienda Mandera lilisimamishwa na watu wenye bunduki. Waliwaamuru abiria Waislamu wajitenge na Wakristo, ili Wakristo wauawe. Waislamu wakakataa kujitenga. Wengine waliwapa Wakristo mavazi yao ya kujifunika ili wasitambulikane. Katika abiria hao alikuwamo mwalimu mmoja, Salah Farah, ambaye alipigwa risasi, na mwezi wa Januari 2016 akafariki dunia kwa jeraha hilo.

Habari hiyo ilitangazwa redioni na magazetini, na watu wengi wa Afrika Mashariki waliisikia. Walioichukua wakaifanya sinema fupi walikuwa wanafunzi wa chuo kimoja cha Ujerumani, Hamburg Media School. Mswada uliandikwa na Julia Drache, na mwongozaji akawa Katja Benrath. Walikuja Kenya, wakafanya kazi pamoja na wachezaji wa Kenya, nao waliomo katika sinema hiyo husema Kiswahili na Kisomali. Jina lake ni Watu Wote, nayo ina dakika 22. Mwaka 2017 ilipata tuzo ya Marekani ya sinema za wanafunzi, na mwaka 2018 ilikuwa miongoni mwa sinema fupi 5 zilizoshindania tuzo ya Oscar.

Hapana haja ya kuwaonea wivu wanafunzi hao. Walifanya kazi njema kwa heshima. Lakini yatupasa tujiulize: hadithi hii ilikuwa mlangoni petu, kwa lugha yetu, mbona haikuandikwa na mkono wetu? Wahenga walisema, mcheza kwao hutunzwa. Asiyeandika habari za kwao asishangae akiziona zimeandikwa na mgeni, tena wakati mwingine mgeni asiyekuwa na adabu kama hao wa Hamburg.

Tatu, tafuta vitabuni. Hadithi fupi nzuri yaweza kugeuzwa kuwa mswada. Mwaka 1956, katika chuo cha sinema cha Moscow, wanafunzi watatu, mmoja wao Andrei Tarkovsky aliyepata kuwa mwongozaji mashuhuri baadaye, walitengeneza sinema fupi kutokana na hadithi fupi ya Mmarekani Ernest Hemingway. Sehemu kubwa ya hadithi hiyo hutukia katika mkahawa mmoja. Waliichagua hadithi iliyolingana na uwezo wao.

Haki ya mwenye hadithi

Hapa pana jambo ambalo wanafunzi wengi hulisahau. Hadithi ni mali ya mtu, kama shamba lilivyo mali ya mtu. Kwa Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 ya Tanzania, haki ya mtunzi hukaa maisha yake yote na miaka 50 baada ya kufa kwake. Ukitaka kugeuza hadithi ya mwandishi aliye hai, mwandikie barua umwombe ruhusa, au mwandikie mchapishaji wake. Ngano za kale za Sungura na Fisi ni za watu wote, lakini namna mwandishi fulani alivyozisimulia katika kitabu chake ni yake yeye.

Sheria hiyohiyo humlinda na mwanafunzi. Mswada ulioandikwa na mwanafunzi wa kidato cha pili si mali ya chama kwa sababu tu chama kina kamera. Kwa hiyo kabla ya kupiga picha, mwandishi na chama watie sahihi karatasi moja yenye mambo manne: ni nani aliyeandika, ni nani atakayepiga picha, kama mswada waweza kubadilishwa, na kwa idhini ya nani, na kwamba jina la mwandishi litaonyeshwa katika sinema. Karatasi hiyo huzuia ugomvi mwingi. Na sinema itakayoonyeshwa hadharani nje ya shule, walimu wataiangalia kwanza na kuipeleka kwa Bodi ya Filamu kama sheria ya Tanzania Bara inavyotaka.

Iko haki nyingine isiyoandikwa katika sheria ya mtunzi, nayo ni haki ya mtu ambaye habari zake unazisimulia. Mwanafunzi mwenzako akikueleza usiku bwenini jinsi baba yake alivyowaacha, hakukupa mswada, amekupa siri. Ukitaka kuitumia, mwombe. Akikataa, iache. Akikubali, badili majina, badili mji, badili kazi ya baba, mpaka watu wa kijijini kwake wasiweze kumtambua. Sinema huisha baada ya dakika 5, lakini aibu ya mtu haimwishii upesi namna hiyo.

Namna ya kuandika

Kila tukio lina kichwa chake, nacho husema mambo matatu: kama ni ndani au nje, ni mahali gani, na ni wakati gani. Chini yake huandikwa matendo, kwa maneno ya wakati uliopo, kana kwamba yanatukia sasa mbele ya macho. Jina la msemaji huandikwa katika mstari wake, na maneno yake chini ya jina. Huu hapa mfano mdogo uliotungwa kwa ajili ya makala haya.

KENGELE

Tukio la 1. Nje. Uwanja wa shule. Asubuhi.

Ringi ya lori inaning'inia kwenye mwembe. JUMA, miaka 15, amesimama chini yake na kipande cha nondo mkononi. Karibu na lango MWALIMU WA ZAMU anatazama saa yake.

Juma anatazama nje ya lango. Mbali, barabarani, NEEMA anakimbia. Mkono mmoja umeshika ndoo ya maji, mwingine umeshika viatu.

MWALIMU WA ZAMU
Saa imefika. Piga.

Juma anainua nondo. Anatazama tena barabarani. Nondo inamponyoka, inaanguka majanini. Anainama kuitafuta. Anaitafuta mahali ambapo haipo.

Neema anapita langoni, maji yanamwagika. Mara Juma anaiona nondo. Anapiga kengele.

Mwalimu anamtazama Neema anayevaa viatu. Anaitazama nondo. Anamtazama Juma.

MWALIMU WA ZAMU
Kesho uifunge kamba.

Mwisho.

Tuupime mswada huu. Wachezaji ni watatu. Vyombo ni ringi, nondo, ndoo na viatu, na vyote vimo shuleni. Maneno yaliyosemwa ni sita tu. Haja ya Juma ni kumwokoa mwenzake asifungiwe nje. Kizuizi ni saa, tena ni wajibu wake mwenyewe. Matokeo ni maneno ya mwalimu, ambayo yaonyesha kwamba ameona kila kitu. Je, mwalimu amesamehe au ameonya? Watazamaji watabishana wakirudi mabwenini, na mabishano hayo ni dalili njema. Angalia pia kwamba huruma haikutajwa popote, ila imeonekana.

Kujaribu kabla ya kupiga picha

Mswada wa kwanza haujakuwa mswada mpaka umesomwa kwa sauti. Wanafunzi wagawane majina, wasome, na mwandishi anyamaze asikilize. Mahali msomaji anapojikwaa, ndipo penye kasoro. Mahali ambapo mwandishi angependa kuruka na kusema, "La, maana yake ni hii," ndipo pasipoandikwa vizuri.

Baada ya kusoma, uchezwe bila kamera. Jambo hili lina historia yake. Chuo cha sinema cha Moscow kilianzishwa mwaka 1919, wakati wa vita vya wenyewe kwa wenyewe, na ukanda wa filamu ulikuwa adimu mno. Mwalimu mmoja kijana, Lev Kuleshov, hakuwarudisha wanafunzi wake nyumbani. Waliandika miswada mifupi, wakaicheza mbele ya watu kipande kwa kipande kama vile kamera ipo, wakaiita filamu zisizo na filamu. Baadhi yao walikuja kuwa mabingwa. Ikiwa wale waliweza kujifunza bila kamera kabisa, sisi tunaoingojea simu ya mwalimu mpaka Jumamosi hatuna udhuru wa kukaa bure Jumatatu hadi Ijumaa.

Wito

Chama kinaomba miswada. Isizidi kurasa 5. Iwe na wachezaji wasiozidi wanne, na mahali pasipozidi pawili, panapofikika kwa miguu kutoka shuleni. Iandikwe kwa Kiswahili kinachosemwa na watu hao hasa; mpishi aseme kama mpishi, na bibi aseme kama bibi. Ipelekwe maktaba, yenye jina na kidato cha mwandishi. Kila mswada utasomwa na kurudishwa ukiwa na maelezo, hata usipochaguliwa, kwa kuwa mswada ulioelezwa makosa yake huwa mzuri mara ya pili.

Walimu wa Kiswahili twawaomba wawasaidie waandishi katika kusahihisha, bila kuwaandikia. Nanyi wazazi, mna hazina kubwa kuliko maktaba yetu. Mtoto akirudi likizo akauliza siku ile mvua kubwa iliponyesha mlivukaje mto, au mlilipataje shamba, msimwambie kwamba hayo yamepitwa na wakati. Mketisheni mmweleze, na kama hamtaki jambo fulani litoke nje, mwambieni wazi.

Wanafunzi wa kidato cha nne wataondoka mwisho wa mwaka, na pamoja nao wataondoka wachezaji wetu hodari. Wasipopata mswada muhula huu, watakachokumbukwa nacho ni picha za mahafali tu, ambazo kila shule inazo. Kamera imekwisha kupatikana. Sasa yatakiwa kalamu.